Hesabu Iliyoishia Saba

"Koti nilitoa kwa msumari, afande. Nitasema mara ngapi?"

Benard alikuwa ameketi sakafuni mwa selo, magoti kidevuni. Alikuwa kijana wa gereji, mikono yake bado ina grisi ya Jumamosi, na macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Mbele yake alikuwa amechuchumaa Inspekta Muia, mzee wa miaka hamsini na mbili mwenye viatu vilivyotembea zaidi kuliko gari lolote la kituo.

"Lilikuwaje kwenye huo msumari?"

"Limening'inia tu. Limenyooshwa mabega, kama la mtu anaenda kanisa. Ilikuwa asubuhi, ukungu mwingi. Nilinyoosha mkono juu ya ua wa mabati nikachukua. Sikuona maiti. Ningeona ningekimbia, si kuvaa!"

Muia aliinuka, magoti yakamlia. Hakuna aliyemtuma kuzungumza na kijana huyo. Kwa mkuu wa kituo, kesi ilikwisha kuiva Jumapili, Benard aliponaswa mtaani Kawangware akiwa ndani ya koti la marehemu Shivachi. Leo ilikuwa Jumatano. Kesho asubuhi Benard angesomewa shtaka la wizi wa kutumia nguvu, na mwaka ule wa sabini na sita shtaka hilo halikuwa na mchezo: ukipatikana na hatia ni kitanzi, hakimu hana pa kupunguzia. Kilichobaki, alisema mkuu wa kituo, ni mshtakiwa kuwataja wenzake sita.

Sita, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umeafikiana kwamba wauaji walikuwa saba. Na mtaa ulikuwa na hoja zake. Shivachi alikuwa bondia, tena si wa kubahatisha. Aliwahi kuvaa mkanda wa mkoa, na hata baada ya kustaafu kifua chake kilijaa mlango. Mtu mmoja amwangushe Shivachi? Watu walicheka kwanza, ndipo wakakumbuka kwamba wako matangani.

Muia naye angekubali, lau si ripoti ya daktari. Aliisoma Jumatatu akila peke yake, maana tangu mkewe afariki miaka mitatu iliyopita makaratasi ndiyo yaliyokuwa yakimsindikiza mezani. Ripoti ilisema jeraha ni moja tu, katika paji la uso, na lilitokana na jiwe. Mikono haikuwa na alama yoyote ya kujikinga. Kitu kingine ni ngozi iliyochubuka kwenye vifundo vya ngumi ya kushoto. Watu saba na jeraha moja! Muia alikuwa ameona wizi wa kuku ulioacha majeraha mengi kuliko hayo.

*

Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya ploti ya Wangoi, nyumba za kupangisha, pale kituo cha basi cha Kawangware 46. Hapakuwa na kitu ila majani na mawe ya kukandamizia mabati. Upande mmoja kuna ukuta, upande wa pili ua wa mabati, na pale vinapokutana ndipo Shivachi alipokutwa, ameketi, mgongo umeegemea pembe.

Muia alichuchumaa. Ubao wa kushikia mabati ulipita kwa ndani, na mwingine kama huo umepigiliwa kwenye ukuta. Katika kila ubao, kwenye vipande vilivyochongoka, palikuwa na nyuzi nyeupe za shati la marehemu, upande wa kulia na upande wa kushoto. Alisimama pembeni pale akaegemea. Nyuzi zilikuwa usawa wa viwiko vyake. Kwa hiyo kabla ya kufa mtu huyu alisimama hapa, viwiko juu ya mbao, kifua wazi, kama mtu anayepunga upepo.

Akahesabu hatua kutoka hapo hadi kwenye doa la damu katikati ya uwanja. Zilikuwa sita. Askari walikuwa wameandika kwamba ni damu ya Shivachi, kwamba alipigwa pale akaburutwa. Lakini majani kati ya doa na pembe yalikuwa yamesimama wima. Hapajaburutwa hata mbuzi. Jiwe lenye damu lilikuwa limeokotwa karibu na miguu ya maiti. Damu ya katikati, basi, ilikuwa ya mtu mwingine.

Nyuma ya ukuta ule aliishi Nekoye, ambaye majirani walimwita Mama Rosebella, na ambaye aliuza maharagwe yaliyochemshwa. Yeye ndiye aliyewapa askari ile saba.

"Uliwaona, Mama Rosebella?"

"Sikuona mtu, afande. Giza ilikuwa inaanza kuingia na mimi nilikuwa napepea jiko. Nilisikia kishindo, pu! Kama gunia imeanguka. Halafu wakaanza kujihesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka saba. Nikajua wanaangalia kama wako wote."

"Ulisikia sauti saba?"

Mama Rosebella aliacha kukoroga. "Hapana. Ilikuwa sauti moja."

"Ilikuwa na haraka?"

"Haraka gani! Ilikuwa polepole, kama mama anangoja mtoto avae viatu. Nikasikia kishindo ingine baada ya saba, na hapo nikafunga mlango. Hapa kwetu ukisikia fujo unafunga mlango." Alijipangusa uso kwa ncha ya leso. "Huyo mtu alikuwa ananunua kwangu kila jioni, miaka minne. Maharagwe ya mtu mmoja. Na mimi nikafunga mlango."

Chakula cha Muia pia kilikuwa cha mtu mmoja. Alinunua sahani ya maharagwe, akaila yote akiwa amesimama, kisha akashukuru.

*

Kibanda cha fundi Nyongesa kilikuwa kando ya barabara, hatua hamsini kutoka hapo. Kila mtu alikuwa amemwelekeza Muia huko: kama Shivachi alikuwa na rafiki Nairobi hii, ni fundi. Jumamosi zote walikunywa pombe ya busaa pamoja klabuni.

Alimkuta akipiga randa ubao mrefu. Alikuwa mtu mdogo, mkavu, mabega kama ya mwanafunzi. Kitambaa kilizunguka taya lake na kufungwa utosini. Mbele yake jeneza lilikuwa limeshika umbo, na kando, karibu na msumeno, kikombe cha uji kilikuwa kimeganda utando.

"Pole, fundi. Jino?"

"Jino, afande." Maneno yalitoka bila meno kuachana. "Tangu wiki jana."

"Si uende hospitali?"

"Nikimaliza hii. Gari ya kumpeleka Shivachi nyumbani inatoka kesho."

"Jumamosi mliachana saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Jino ilinisumbua nikaenda kulala. Yeye akabaki klabu." Aliupuliza ubao, vumbi likaruka. "Ni genge, afande. Mtu mmoja hawezi Shivachi."

Muia aligundua kwamba futi ya kupimia ilikuwa imetundikwa mahali pake, ina vumbi. "Hukumpima?"

"Kitanda chake nilitengeneza mimi. Namjua urefu."

Kazi ile ilifanywa kwa upole mwingi, na Muia aliona vibaya kuikatiza. Alimwacha akaenda kutazama chumba cha marehemu. Alikuta kitanda kile cha fundi, kikombe kimoja, sahani moja, na ukutani jozi ya glavu kuukuu zilizopakwa mafuta zisipasuke. Chini ya mto palikuwa na mikanda ya kitambaa ya kufungia mikono, imefuliwa na kuviringishwa vizuri, ingawa mwenyewe alikuwa hajapanda ulingoni kwa miaka sita. Muia alirudisha mto ulivyokuwa. Chumba kilimkumbusha chake, akatoka upesi.

*

Kutoka Kawangware hadi mtaa wa Laini Saba ni mwendo wa saa nzima na ushei kwa miguu. Muia aliutembea wote akiizungusha ile saba kichwani. Mwenye kuua hujificha, hukimbia, hupora. Hasimami kuhesabu.

Ukumbi wa Lusweti, kocha aliyemfunza Shivachi ngumi, ulikuwa banda karibu na reli, na treni ilipopita mabati yote yalitetemeka. Gunia la vumbi la mbao lilining'inia darini. Katikati palikuwa na ulingo wa kamba za katani, na ndani yake vijana wawili walikuwa wakitwangana kwa adabu. Lusweti, mzee mwenye pua iliyovunjwa zaidi ya mara moja, alimsogezea mgeni kigoda bila kuuliza shida yake. Wageni wote wiki ile walikuwa na shida moja.

"Watu wanakuja kuniuliza," alisema. "Wanasema, kocha, mtu wako alikuwa bingwa na ameuawa kama kuku. Hizi ngumi zako ni za bure?"

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nawaambia si za bure. Mlevi anarusha ngumi kutoka nyumbani kwao. Kijana wangu anaiona ikija, anaipisha, anarudisha moja. Imeisha. Mtu mmoja kwa mmoja, Inspekta, hakuna wa kumweza Shivachi mtaani. Niambie walikuwa saba, nitakubali."

Kishindo. Mmoja wa vijana alikuwa chini. Yule mwingine, bila kuambiwa na mtu, aligeuka akatembea hadi kona ya mbali, akaweka viwiko juu ya kamba, akaangalia dari. Lusweti akaanza kuhesabu kwa kupiga ubao: moja, mbili, tatu.

Muia alisimama.

"Kocha. Yule anafanya nini?"

"Nani? Huyo? Anangoja."

"Kwa nini ameenda kule?"

"Ni sheria. Ukimwangusha mtu, unakwenda kona. Refa haanzi kuhesabu mpaka ufike. Shivachi alipokuwa kijana, alimwangusha mtu akabaki amemsimamia, anamtukana. Refa akagoma kuhesabu. Yule mtu akapumzika vizuri, akaamka, akampiga mpaka akalala. Basi nikamfunza upya. Mwezi mzima, kila jioni, mimi naanguka, yeye anakwenda kona. Mpaka miguu ikajua bila kichwa."

"Na viwiko?"

"Ni mazoea yake, hawa vijana wamemwiga. Viwiko kwa kamba, kifua mbele, apate pumzi."

"Akiwa kona, yule wa chini akiinuka ghafla?"

"Mpinzani akiinuka, refa yuko katikati. Anampangusa glavu, anamwuliza kama anaona vizuri. Kuna nafasi ya kutosha." Lusweti alimtazama Muia, kisha akamtazama kijana aliyekuwa kona. Uso wake ukaanza kubadilika. "Inspekta, alikutwa wapi?"

"Pembeni. Kona ya ukuta na mabati. Hatua sita kutoka kwenye damu ya mtu mwingine. Koti lake alilitundika kwanza. Viwiko juu ya ubao, na hakuinua mikono kujikinga."

Treni ilipita, mabati yakatetemeka. Ilipokwisha, mzee alikuwa amekaa chini kwenye saruji.

"Ngumi ilifanya kazi," alisema. "Ni ile nyingine niliyomfunza, ya kwenda kona. Nimemuua mimi."

"Hapana, mzee."

"Mara elfu niliangukia hapo, Inspekta. Mara elfu nikamwambia, rudi nyuma, ngoja."

Muia akauliza yaliyobaki, maana kesho haikumngoja mtu. "Kuna jirani alisikia sauti moja ikihesabu. Polepole sana."

"Ni yeye." Lusweti hakusita. "Alikuwa akija hapa Jumapili kunisaidia, siku hizi ndiyo ilikuwa ibada yake. Nikimpa kazi ya refa, na kijana dhaifu akaanguka, anachelewesha hesabu apate kuinuka. Nilimgombeza sana. Akifika kumi, anakwenda kumshika mkono, anamwinua mwenyewe."

"Alipigana na nani huko mtaani?"

"Hapigani. Ni mdomo tu, na yule rafiki yake fundi. Kesi yao ni moja kila Jumamosi. Nyongesa anasema ngumi za mchezo ni za mchezo, mtaani hakuna kengele, Shivachi anacheka. Hawakuwa na watu wengine, Inspekta. Ilikuwa ni wao kwa wao."

Mkono wa kushoto uliochubuka vifundo. Ngumi ya kushoto inayozunguka humpata mtu taya la kulia. Muia aliona kitambaa kilichofungwa utosini, na kikombe cha uji ambacho mtu hakuweza kukinywa. Mdhaniwa ndiye kumbe siye, wahenga walisema; na asiyedhaniwa ndiye ambaye yeye Muia alimpa pole asubuhi ile ile. Hakujisikia hodari. Alijisikia amechoka.

*

Alirudi Kawangware saa kumi na moja. Jeneza lilikuwa tayari limesimama juu ya mbao mbili, limepakwa mafuta, limebaki kifuniko. Nyongesa alikuwa akikilainisha kwa msasa.

"Fundi, toa kitambaa."

Msasa ulisimama. Nyongesa hakuuliza kwa nini. Alifungua fundo utosini, kitambaa kikaanguka. Shavu la kulia lilikuwa limevimba na kuwa jeusi, na taya lilikuwa limehama mahali pake.

"Hilo si jino," Muia alisema.

"Hapana."

"Benard anasomewa shtaka kesho. Unajua adhabu yake."

"Najua. Nilisema nikimaliza hii nakuja mwenyewe." Aligusa jeneza. "Hana mtu mwingine wa kumtengenezea, afande. Wangenunua ile ya mbao nyepesi, ipasuke njiani."

"Niambie."

Nyongesa alikaa juu ya benchi. Alisema kidogo kidogo, kwa maumivu, akishika taya.

"Ni mimi nilianza. Tulikuwa tunarudi. Nilikuwa nimekunywa, na klabuni alikuwa amesema akifumba macho anaweza kunilaza. Watu wakacheka. Nikamwambia twende kwa uwanja ya Wangoi, tuone. Hakuna refa, hakuna kengele. Akakataa. Nikampiga kofi. Akakataa tena. Nikampiga ya pili, ndiyo akatoa koti. Alitundika vizuri, hata akanyoosha mabega. Hiyo ngumi sikuiona, afande. Niliona tu nyota."

"Kisha?"

"Nikasikia anahesabu. Mimi niko chini, mdomo imejaa damu, na huyu amesimama huko kwa kona ameegemea kama bwana mkubwa, ananihesabia! Moja. Mbili. Polepole, afande. Nilijua anataka niisikie aibu yote. Mkono ukapata jiwe. Akifika saba nikaamka. Alikuwa ananiangalia nikija na hakuinua mkono. Hata akatabasamu." Alimtazama Muia kwa macho ya mtu anayeomba kitu. "Alikuwa ananicheka. Si ndio?"

Muia angeweza kusema ndio. Lingekuwa neno dogo, na lingempa fundi kitu cha kushikilia huko alikokuwa akienda. Alitazama barabara, watu wakirudi makwao wawili wawili. Lakini miaka thelathini ya kazi ilikuwa imemharibu. Hakujua tena kusema uwongo hata wa huruma.

"Hapana," alisema. "Vijana dhaifu wakianguka kule kwa Lusweti, ndivyo alivyowahesabia. Alichelewesha ili waweze kuinuka. Alikuwa akikungoja wewe."

Nyongesa aliokota kitambaa chini, akakikunja, akakikunjua.

"Na angefika kumi?" aliuliza mwishoni. "Akifika kumi alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa akienda kumshika mtu mkono, akamwinua."

Fundi aliinamisha kichwa, na sauti iliyomtoka haikuwa ya maumivu ya taya. Muia alimwacha alie. Hakumfunga pingu, wala hakutazama saa, ingawa huko kituoni palikuwa na kijana aliyehitaji kuambiwa kwamba kesho atalala kwao.

Baadaye Nyongesa alijifuta uso kwa mkono wenye vumbi la mbao, akashika ncha moja ya kifuniko. Kilikuwa kizito, mvule mtupu, na mtu mmoja hakuweza kukilaza sawasawa. Alijaribu mara moja, kikaenda upande.

Muia alivua kofia, akaiweka juu ya benchi, akaenda kushika ncha ya pili.